Nati Kwenye Uzi

Butembo, 4 Machi 2024

Kwa Jemima, mtoto wa mdogo wangu,

Barua yako nimeipata mkononi mwa Lusenge, dereva wa Fuso ya vitunguu, ambaye aliikalia njia nzima kutoka Beni. Usiniambie tena ninunue simu yenye kioo. Simu inampa mtu nafasi ya kusema upuuzi kabla hajaufikiria, na wewe nafasi hiyo unayo ya kutosha hata kwenye karatasi.

Unaandika kwamba umeanza mafunzo ya kurusha ndege ndani ya mawingu, bila kuona nje, kwa kutazama zile saa za mbele ya rubani tu: ya urefu, ya mwendo, ya upeo na nyingine. Nilisoma mstari huo nikasimama, nikamwita mama yako mkubwa Jokébed aje asikie. Halafu nikasoma mstari unaofuata, nikakaa chini. Mafunzo yenyewe mnayafanyia chumbani! Ndani ya kabati la mbao, nyuma ya duka la simenti, mbele ya televisheni tatu. Mnaliita simulateur ili lisione aibu.

Jemima, nimerusha ndege miaka ishirini na miwili juu ya milima hii. Nimetua hapa kwenye uwanja wa Rughenda na mvua ikiingia mlangoni. Sijawahi kukutana na kabati angani. Mtu anayejifunza kuogelea kwenye beseni, akitoka amelowa, anakwenda kuwaambia watu kwamba ameuona mto.

Ndani ya bahasha kuna nati imefungwa kwenye uzi mweusi. Usiicheke. Niliining'iniza mbele ya macho yangu miaka yote. Saa zinakufa, umeme unakatika, na waliozitengeneza hawajawahi kuona wingu la Lubero. Nati ni chuma na uzi ni uzi. Ndege ikilala upande, utaiona nati imehama. Ndege ikinyooka, nati inanyooka. Sisi marubani wa hapa ndivyo tulivyofanya kazi. Iwekeni kwenye kabati lenu. Haitasogea hata kidogo, kwa sababu hamwendi popote.

Jambo lingine. Umeandika "moniteur wetu" mara nne, na jina la huyo mwalimu hata mara moja. Ana jina, au naye ni wa mbao?

Baba yako mkubwa,
Phinées Kataliko, rubani


Beni, 10 Machi 2024

Baba mkubwa Phinées,

Wasingya kwa nati, na asante ndogo zaidi kwa maneno uliyoifungia. Askari wa barrière ya barabarani alifungua bahasha, akaigeuza nati juu na chini, akamuuliza Lusenge: "Oyo njo ya nini?" Lusenge akamjibu: "Ya kuongoza avion." Askari alicheka mpaka akaketi kwenye gunia. Kwa hiyo kuna mtu umemfurahisha mwezi huu.

Kabati lako lina kiti cha ndege ya kweli, usukani wa kweli, pedali za kweli na saa sita, zote zimefungwa na mtu anayejua kila skrubu inakokwenda. Moniteur anakaa nyuma na kompyuta. Akibonyeza, wingu linafunga. Akibonyeza tena, saa moja inakufa, na haniambii ni ipi. Wiki ya kwanza nimekufa mara kumi na moja, mara mbili juu ya milima ya Alimbongo. Kila nikifa anasimamisha picha, ananionyesha sekunde niliyoacha kuzitazama saa, tunarudi nyuma, naanza tena. Wewe katika miaka yako ishirini na miwili ulipewa nafasi ngapi za kuanza tena?

Kama hukusoma vizuri mara ya kwanza kwa sababu ya kucheka, narudia. Kampuni hapa imeniwekea kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, mpaka mwisho wa Aprili. Nikileta cheti cha mawingu, kiti ni changu. Nisipoleta, kuna mtu wa Bunia anakisubiri. Na saa ishirini za mafunzo ya kabatini zinahesabiwa kwenye cheti. Kwa hiyo lidharau kabati taratibu, kazi yangu imo ndani.

Nati nimeining'iniza. Ulisema kweli, haisogei. Moniteur aliitazama muda mrefu, akauliza imetoka wapi. Nikasema kwa baba yangu mkubwa. Hakuuliza tena.

Moniteur ni mzee wa kutoka Kasaï, anaongea kidogo, anakunywa chai bila sukari. Jina lake halitakusaidia kitu.

Jemima


Butembo, 16 Machi 2024

Jemima,

Jina lake ni Hippolyte.

Shemasi Timothée alikwenda huko Beni kwa mazishi, akamwona anafunga mlango wa hilo duka lenu la kufa na kufufuka. Akaniletea habari baada ya ibada, mbele ya kwaya nzima. Nilibaki nimeshika kitabu cha nyimbo kama mjinga.

Ulikuwa na miaka mitano, kwa hiyo nakuandikia habari hii upya, ingawa umeisikia nyumbani kila Jumapili. Agosti 2004 tuliondoka hapa kwenda Goma. Baba yako Élysée alikaa kando yangu, anakwenda kutafuta vitabu vya shule yake. Juu ya Alimbongo wingu likatufunga. Nati ilikuwa imenyooka. Narudia: imenyooka kabisa, niliitazama mpaka mwisho. Halafu mota ikakohoa, ikafa, tukaanguka kwenye shamba la viazi. Mimi nilitoka na mguu huu wa chuma. Baba yako alitolewa na watu wa shamba, wakamfunika na turubai.

Mafuta yalikuwa na maji. Aliyetakiwa kuyachunguza asubuhi ile ni fundi wa ndege, mekanisien Hippolyte, mtu aliyeletwa na Serikali kutoka mbali, ambaye hata kusalimia kwa Kinande hakujua. Nilisema hivyo mbele ya tume ya uchunguzi, nikatia sahihi. Wakamfukuza. Nilidhani ana aibu ya kutosha kurudi kwao. Kumbe alikuwa kilomita hamsini na kitu kutoka hapa, anapigilia kabati.

Sasa aliyemuua baba yako anakufundisha namna ya kutokufa, na wewe unamchemshia chai. Chukua nguo zako, panda Fuso ya Lusenge, rudi nyumbani. Mtu wa Bunia apewe kiti chake.

Phinées Kataliko


Beni, 23 Machi 2024

Baba mkubwa,

Sikupanda Fuso.

Nilijua ni nani tangu siku ya kwanza, na aliyeniambia ni yeye mwenyewe. Alisoma jina langu kwenye fomu, akaweka kalamu chini, akasema: "Mimi njo ule banasemaka aliua baba yako. Kama unataka kurudia, mulango iko pale. Kama unataka kubakia, ikala."

Nilikaa. Nilikaa ili nimchukie kwa karibu, na nikuambie ukweli, nilijitahidi. Lakini ni kazi ngumu. Anaufuta usukani kwa kitambaa kabla ya somo na baada ya somo. Anahesabu skrubu zake jioni. Kila asubuhi anachota mafuta ya jenereta kwenye chupa ya kioo, anaiinua kwenye mwanga, anatafuta maji. Jenereta, baba mkubwa! Kitu ambacho kikizima, tunawasha taa ya simu basi. Nikamuuliza siku ile alichunguza au hakuchunguza. Akanijibu: "Nilichunguzaka mara mbili. Nikaandika. Mais nani angesadiki mekanisien mbele ya pilote?"

Sikukuandikia jina lake kwa sababu nilijua utafanya hivi hivi ulivyofanya.

Sasa nina ombi, nalo nalipigia magoti ingawa halionekani. Tarehe 18 Aprili inspekta anakuja kutoka Kinshasa kuamua kama Hippolyte anaruhusiwa kufundisha. Faili la 2004 lipo mezani kwake na sahihi yako iko chini. Inspekta amesema wazi: bila barua ya rubani aliyemshtaki, hampi kibali. Bila kibali, saa zangu zote za mafunzo ya kabatini zinafutwa, na kiti kinakwenda Bunia. Sikuombi uongo. Andika unachokijua tu, na usichokijua andika kwamba hukijui.

Na swali moja. Mota ilipokohoa, saa ya mota ilionyesha nini?

Jemima


Butembo, 28 Machi 2024

Jemima,

Unauliza saa ilionyesha nini. Sikuwa natazama saa. Nilikuwa natazama nati, kama mtu mwenye akili.

Nilikulea kwa mguu mmoja mzima na mmoja wa chuma. Sikukulea ili uje kuniuliza maswali ya hakimu. Mwambie fundi wako wa jenereta kwamba barua yangu ataipata nikishakufa, na hata hapo aje aitafute mwenyewe kwenye mifuko yangu.

Anajua kuinua chupa kwenye mwanga! Hata mwuza mafuta ya mawese pale sokoni anajua. Mbona hajaomba kibali?

Kuhusu wewe. Umeshajifunza kutembeza kidole kwenye picha ya wingu, na sasa unataka kumhukumu mtu aliyekuwa ndani ya wingu lenyewe. Siku wakikuruhusu kugusa ndege ya kweli, ning'iniza nati ndani yake, ufunikwe macho, uone nani anasema kweli. Mpaka siku hiyo, usiniandikie mambo ya angani. Niandikie bei ya simenti, mko jirani nayo.

Phinées Kataliko


Beni, 6 Aprili 2024

Baba mkubwa,

Nimekutii.

Juzi kapteni Valentin alinipandisha kwenye ndege ndogo ya shule kwa somo la kweli. Niliomba ruhusa ya kufunga nati yako juu ya saa. Alinitazama kama yule askari wa barrière, lakini akaruhusu. Nilivaa ile kofia inayokufunika macho usione nje, uone saa tu. Juu ya Kalunguta akaniambia nifumbe macho kabisa, akachukua usukani yeye. Dakika moja ikapita. Akasema nifumbue macho lakini nisitazame saa, nitazame nati tu.

"Tuko namna gani?"

Nati imenyooka. Nikasikiliza mwili wangu, tumbo, makalio, masikio. Vyote vikasema tumenyooka. Nikajibu: "Tuko droit, kapteni."

"Sasa tazama saa."

Saa ya upeo ilisema tumelala kushoto, digrii arobaini. Saa ya urefu ilikuwa inashuka. Nikavua kofia. Bawa la kushoto lilikuwa linaonyesha mashamba ya watu, naona hata mama mmoja na jembe lake. Na nati, baba mkubwa, ilikuwa inaning'inia wima kuelekea sakafu ya ndege, imetulia, haina habari.

Tumerudia mara nne, kushoto na kulia, kwa sababu nilitaka uwe na haki. Mara nne ni vile vile. Ndege ikizunguka vizuri na kushuka, nati inalala pamoja nayo, na mwili wako unalala pamoja nayo. Nati inajua sakafu iko wapi. Ardhi iko wapi, haijui.

Nikupe kilicho chako: kabati halikunionyesha hilo, kwa sababu kabati halilali, kama ulivyosema. Lilichonifundisha ni kuisadiki saa hata pale tumbo linapobisha. Bila hilo juzi ningebishana na kapteni mpaka kwenye lile jembe.

Nakurudishia nati. Kuna jambo nalifikiria tangu nishuke. Naogopa kuuliza tena kuhusu mota. Kwa hiyo siulizi. Zimebaki siku kumi na mbili.

Jemima


Butembo, 11 Aprili 2024

Jemima binti yangu,

Ni mimi mama yako mkubwa Jokébed. Umemwandikia nini huyu mzee? Barua yako ilifika juzi. Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, chakula akakiacha. Mimi nilipika sombe na samaki, nikala peke yangu.

Jana asubuhi akachukua fimbo yake akatoka. Nikamfuata kwa nyuma, maana mguu ule si wa kuaminika. Akamwita Ézéchiel, yule wa pikipiki wa kanisani kwetu. Akapanda nyuma. Akamwambia: "Zunguka rond-point. Mbio. Na ulale." Ézéchiel akasema: "Muzee, tunaenda wapi?" Akajibu: "Hapana kwenda fasi. Zunguka!"

Binti yangu, walizunguka kwenye mzunguko ule wa magari. Mzee wa miaka sabini na mmoja, mzee wa kanisa, mkono mmoja kwenye kiuno cha Ézéchiel, mkono wa pili ameunyoosha mbele juu ya bega lake, ameshika kile kichuma chako kwenye uzi. Pikipiki inalala, yeye anapaza sauti: "Lala tena! Lala tena!" Mara sita upande huu. Halafu akamwambia azunguke upande wa pili, magari yanakuja, polisi anapiga filimbi. Wauza avoka waliacha biashara wakasimama. Mmoja akasema ni dawa ya kutafuta mwizi. Mimi nilijifunika kitenge kichwani nikajifanya nachagua samaki wa ndakala.

Alishuka. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, anaangalia kile kichuma. Nikamwuliza: "Baba, njo nini?" Akasema: "Inalala, Jokébed. Inalala na pikipiki." Halafu akalia. Hata tulipomzika Élysée huyu hakulia. Alikuwa na hasira tu, na hasira hiyo ndiyo nimeishi nayo miaka ishirini.

Kama ni ugonjwa wa kichwa niandikie jina la dawa. Tangu jana amefunga mlango, anaandika, anachana, anaandika.

Mama yako mkubwa,
Jokébed


Butembo, 14 Aprili 2024

Jemima,

Kuna karatasi mbili. Yenye muhuri wa kanisa ni ya inspekta, nimeitia sahihi mbele ya mchungaji. Hii ni yako.

Mota haikukohoa. Iliimba mpaka kwenye viazi. Niliisikia, na upepo niliusikia unavyopiga kelele zaidi na zaidi kwenye kioo. Lakini nati ilikuwa imenyooka, na nilijua kwamba ndege ambayo nati yake imenyooka haianguki, labda mota iwe imekufa. Kwa hiyo nikaamua imekufa, na kwamba masikio yangu ndiyo yaliyokosea. Tume ikataka kujua imekufa kwa nini, nikasema maji. Ikataka kujua nani aliyaacha, na mtu wa Kasaï alikuwa amesimama pale, hana ndugu mji huu, hana wa kumsemea. Ilikuwa rahisi. Hata nusu saa haikuchukua.

Nilijiambia sikudanganya, nilisema nilichosadiki. Ningekuwa nakisadiki kweli, nisingekirudia kila Jumapili mezani.

Kuna kitu sijamwambia mtu, wala mke wangu. Baba yako alitazama saa. Hakuwa rubani, alikuwa mwalimu wa hesabu, alipenda kila kitu chenye namba. Alinigusa bega, akaonyesha saa ya upeo, akasema: "Mukulu, hii iko nalala." Nikamjibu: "Nyamaza, mwalimu. Ile saa hapana kujua milima." Akanyamaza. Alikuwa ananiheshimu.

Mjinga mwenye usukani mkononi, ndiye niliyekuwa. Nimewadharau walimu, mafundi, watu wa mbali, mbao, televisheni, na askari aliyecheka, naye ndiye peke yake aliyeitambua nati ilivyo. Zile barua zangu za tangu Machi, kama hujazichoma, zisome upya na kila penye jina la Hippolyte weka langu. Zitakuwa sahihi, hata mahali pa kuweka nukta.

Nimekuulia baba. Nikakulea nikakufundisha umchukie mwingine. Sikuombi kitu.

Phinées Kataliko


Beni, 20 Aprili 2024

Kwa Bwana Phinées Kataliko,

Nimeanza barua hii mara tatu nikashindwa kuandika hapo juu jina ninalokuita. Leo linakataa kutoka, utavumilia.

Inspekta ameisoma karatasi yako. Akampa Hippolyte aisome. Hippolyte alisoma amesimama, polepole, akaikunja karatasi, akaiomba. Inspekta akasema ni ya faili. Wakapiga nakala pale nje kwenye duka la simenti, na nakala hiyo ameiweka kwenye mfuko wa shati, upande anaoweka miwani. Kibali chake kimetiwa sahihi. Hakucheka, hakulia. Alichota mafuta ya jenereta, akayatazama kwenye mwanga, akawasha, akaniambia: "Ikala. Alimbongo."

Akafunga wingu. Nikaruka njia yenu, kutoka Rughenda, Lubero chini yangu siioni, urefu ule ule. Juu ya Alimbongo saa ya upeo ikaanza kulala kushoto. Nilikuwa nalia, sikujifanya jasiri, lakini niliitazama ile saa aliyokuonyesha baba yangu, nikaivuta ndege mpaka ikanyooka. Nikatoka upande wa pili. Hippolyte hakusimamisha picha. Aliniacha niende mpaka Goma, dakika arobaini.

Nimekuchukia siku nne hizi kwa bidii zaidi kuliko nilivyowahi kumchukia yeye. Sijui itakwisha lini. Usimtume mama mkubwa kunisihi, na usinitumie mchungaji.

Mtihani wangu ni Alhamisi tarehe 25, uwanja wa Mavivi, ndege ya kweli. Hippolyte ameniuliza kama utakuja. Nikamwambia wewe si mtu wa kukaa nyuma ya duka na watu wa makabati. Akafikiri, akasema: "Akuje. Nitamuwekea kiti." Nikamuuliza kiti cha nini. Akasema cha kabatini, ujifunze, unaanza upya kama kila mtu.

Sijui kama ni wema au ni adhabu, na sikumuuliza. Fuso ya Lusenge inatoka kwenu Jumanne asubuhi. Nati uiache nyumbani.

Jemima, binti wa Élysée